Nuru Isiyoalikwa Katika Picha za Karafuu Zetu



Msimu huu tumeletewa ofisini malalamiko ya namna moja mara nyingi, hata tumeona hapana budi tuyaandikie. Malalamiko yenyewe hayahusu bei, wala mizani, wala makonyo kuchanganywa na karafuu, mambo ambayo tumeyazoea na tutaendelea kuyashughulikia. Yahusu picha zinazopigwa kwa simu za mkononi. Mtu apiga picha ya karafuu zake zilizoanikwa juu ya jamvi, nazo ni karafuu njema, kavu, za rangi ya hudhurungi, lakini akiitazama picha aziona zimepauka kama zilizovunda. Mwengine apiga picha ya mkarafuu, akaona majani yamegeuka manjano, na mkarafuu wenyewe ni mzima. Mwengine tena apiga uwanja wa kuanikia usiku chini ya taa, akaona doa la kijani linaelea hewani, asijue limetoka wapi.

Lau picha zingekuwa za kutazama tu na kufurahi, tusingeshughulika nazo katika kurasa hizi. Lakini siku hizi picha imekuwa shahidi. Mashamba mengi ya kisiwa hiki ni ya urithi, na warithi wametawanyika: mmoja yuko Wete, mmoja Dar es Salaam, mmoja Maskati, na mmoja Uingereza. Hawa hawaji kuchuma. Hupelekewa picha, na kwa picha hizo huamua kama mwangalizi ni mwaminifu au si mwaminifu, kama shamba liachwe mikononi mwake au likodishwe mtu mwengine. Basi picha ikisema uwongo, yuko mtu anayeumia, na aghlabu ni yule aliyeshinda juani.

Twataka kwanza kueleza uwongo huu watokana na nini, kwa sababu mwenye kujua asili yake ataujua hata akiukuta kwa sura nyengine.

Kioo chapitisha nuru, lakini hakipitishi yote. Simama usiku ndani ya chumba chenye taa utazame kwenye dirisha la kioo: utajiona mwenyewe. Nuru iliyokurudishia uso wako ni ile iliyokataa kupita. Kila nuru inapogonga uso mmoja wa kioo kitupu, katika mafungu 100 yapata mafungu 4 hurudi nyuma. Na kipande cha kioo kina nyuso mbili, wa kuingilia na wa kutokea, kwa hivyo hasara ni mara mbili.

Mafungu 4 ni kidogo, mtu atasema. Ndiyo, lakini kamera ya simu haina kioo kimoja. Ndani ya kile kitundu kidogo mna lenzi zilizopangwa moja juu ya moja kama sahani kabatini. Nyingi zao si za kioo, ni za plastiki, nayo plastiki hurudisha nuru kwa kadiri ile ile. Simu ya iPhone 5, iliyotoka mwaka 2012, ilikuwa na lenzi 5 katika kamera yake ya nyuma. iPhone 12 ya mwaka 2020 ina lenzi 7 katika kamera yake kubwa. Lenzi 7 ni nyuso 14. Lau zingekuwa tupu, bila ya dawa yoyote, katika mafungu 100 ya nuru zaidi ya 40 yasingefika yanakotakiwa. Na bado hatujahesabu kile kioo cha juu kinachozuia vumbi, wala kile kichujio kilichomo ndani, wala kile kibamba kinachopokea picha mahali pa filamu ya zamani, ambacho nacho chang'aa na kurudisha nuru.

Nuru iliyorudi huenda wapi? Haipotei. Aliyekaa kwa kinyozi baina ya vioo viwili vinavyotazamana amejiona mara kumi, kila mara mdogo zaidi na hafifu zaidi. Ndivyo ilivyo ndani ya kamera. Nuru yagonga uso huu, yarudi kwenye uso ule, yageuka tena, na mwisho yaangukia kwenye picha, mahali ambapo si pake. Kukiwa na jua au taa kali mbele, ile nuru inayotangatanga yatosha kuonekana. Ikikusanyika mahali pamoja huwa doa. Ikitawanyika huwa kama ukungu mwembamba uliotandazwa juu ya picha nzima, na huu ndio mbaya zaidi kwetu sisi, kwa sababu doa kila mtu aliona na kulishuku, lakini ukungu huu haujulishi kuwa upo. Weusi wote huwa kijivu, na rangi zote hupauka.

Tumesema "bila ya dawa yoyote". Dawa ipo, na khabari yake yapendeza. Mwaka 1886 mtaalamu wa Kiingereza, Lord Rayleigh, alitambua kuwa kioo kikuukuu kilichoingia doa la uzee hurudisha nuru kidogo kuliko kioo kipya. Mwengereza mwengine, Dennis Taylor, aliyekuwa akifanya kazi kwa watengenezaji wa darubini katika mji wa York, aliona kadhalika kuwa lenzi zilizochakaa uso zapitisha nuru zaidi kuliko zilizosuguliwa juzi. Kila mtu alidhani uchakavu ni aibu ya kioo, kumbe ulikuwa ukikisaidia! Baadaye, mwaka 1935, Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss huko Ujerumani alipata njia ya kuipaka lenzi utando mwembamba mno ndani ya chombo kilichotolewa hewa. Na mwaka 1938 bibi mmoja wa Marekani, Katharine Blodgett, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alikifunika kioo kwa tabaka 44 za utando wa namna ya sabuni, kila tabaka unene wa chembe moja tu, kikapitisha zaidi ya mafungu 99 ya nuru katika 100. Ila utando wake ulikuwa ukifutika kwa kidole, kwa hivyo ulio madukani leo watokana zaidi na njia ya Smakula.

Utando huo wafanyaje kazi? Mwenye ngalawa ataelewa upesi. Mawimbi mawili yakikutana, mgongo wa moja ukaangukia katika bonde la jengine, maji hutulia. Nuru nayo huenda kwa mawimbi. Utando hupimwa unene wake ili nuru inayorudi kutoka juu yake na ile inayorudi kutoka chini yake zikutane namna hiyo, zifutane. Lakini kipimo kimoja hakiwezi kuifaa rangi zote sawasawa, maana kila rangi ina urefu wa wimbi lake. Rangi ambazo utando haukuzipata barabara ndizo zinazobaki na kutangatanga, na ndiyo sababu madoa ya simu huja ya kijani au ya zambarau, si meupe. Wenye iPhone 5 walilalamika juu ya doa la zambarau mwaka 2012, na wenye iPhone 12 wakalalamika juu ya doa la kijani. Kampuni ya Apple, katika ile khabari ya zambarau, ilijibu kuwa kamera nyingi ndogo hufanya hivyo, na ikawashauri watu waisogeze kamera kidogo au waikinge lenzi kwa mkono. Kuna waliokasirika kuambiwa hivyo baada ya kulipa fedha nyingi. Sisi twaona jibu lilikuwa la kweli, na mkono ni dawa isiyolipiwa.

Na dawa hii ya mkono ina babu yake. Wengi wetu tuliosoma chuoni kabla ya skuli tumesikia jina la Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040. Katika kitabu chake kikubwa juu ya kuona, Kitab al-Manazir, alieleza jaribio la taa kadhaa zilizowekwa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Ndani ya chumba, ukutani, huonekana madoa ya nuru kwa hesabu ya taa. Ukiifunika taa moja, doa moja hutoweka, nalo ni lile linaloikabili taa ile kwa mstari ulionyooka. Ukiifunua, doa hurudi pale pale.

Basi mwanachama anayeona doa la ajabu katika simu yake na afanye kama alivyofanya mzee huyo. Asipige picha kwanza. Anyooshe mkono, aukinge mwanga wa taa au wa jua usiifikie lenzi, huku akitazama kioo cha simu. Doa likitoweka, lilikuwa ni la kamera. Likibaki, kipo kitu. Na ikiwa picha imekwisha pigwa, iko njia nyengine: tafuta katikati ya picha, kisha vuta mstari kwa macho kutoka kwenye taa upite hapo katikati, uendelee mbele kwa kadiri ile ile. Aghlabu doa la kijani utalikuta hapo hapo, kinyume na taa kama pacha wake, na taa zikiwa tatu, madoa yatakuwa matatu kwa mpango ule ule uliopinduliwa.

Sasa tuje kwenye ule ukungu, ambao ndio uliotufanya tuandike.

Mwanachama wetu mmoja, mtu mzima ambaye jina lake hatulitaji, hulitunza shamba la marehemu kaka yake. Warithi ni watoto wa kaka, na mkubwa wao yuko Maskati. Siku ya nne ya kuanika, alasiri, yapata saa kumi na moja kasoro robo, mzee alipiga picha ya majamvi yake akampelekea. Jawabu lilikuja kwa sauti, na yeye mwenyewe alitusikilizisha: "Ami, shikamoo. Nimeziona. Hizi zimevunda, Ami, na wewe uliniambia jua lilikuwa zuri." Maneno yalikuwa ya adabu, lakini baada yake dada zake walikwisha kuanza kuulizana kama haifai shamba likodishwe mtu mwengine kwa misimu inayokuja.

Mzee hakujibu. Alikuja ofisini na simu mkono mmoja, na mkono wa pili karafuu alizozifunga katika leso. Tulizimimina mezani. Zilikuwa nzima, vichwa vyake vimekaa, rangi yake sawa, na ukiikunja moja inakatika kwa mlio. Kisha tukaitazama picha. Wallahi, lau tungeiona picha peke yake, nasi tungesema zimevunda. Zilikuwa kijivujivu, zimepauka, kama zile zilizorundikwa mbichi mpaka zikaungulia ndani na kusinyaa ngozi. Karafuu za namna hiyo kila mkulima azijua, na kila mnunuzi.

Kesho yake, saa ile ile, tulifuatana naye mpaka uwanjani kwake. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama, upande wa mashariki wa majamvi, akilikabili jua la alasiri. Tukapiga picha kwa simu ile ile, ikatoka kama ya jana. Tukakifuta kile kioo cha kamera kwa kitambaa safi, ikawa afadhali kidogo. Tukaikinga lenzi kwa mkono, jua lisiigonge, na rangi ikarudi. Kisha tukazunguka upande wa pili, jua likawa mgongoni petu, karafuu zikatoka kama zilivyo.

Lakini kumpelekea kijana picha mpya tu haikutosha, kwani angeweza kusema hizi ni karafuu nyengine. Tukairudia ile picha ya kwanza tukiipekua pembe kwa pembe, na hapo tukaiona sufuria. Kando ya jamvi ilikuwa imelazwa kifudifudi sufuria ya nyumbani, ile ya kupikia kwa kuni, chini yake masizi matupu. Katika picha ya jana, yale masizi yalikuwa kijivu kama jivu la jana. Ikiwa masizi yamekuwa kijivu, basi lipi lililobaki lisipauke? Tukampigia sufuria picha mbili, mbele ya jua na nyuma ya jua, tukazipeleka Maskati pamoja na ile ya kwanza, na maneno mafupi: itazame sufuria.

Hazikupita dakika kumi. "Ami, nisamehe. Ile si sufuria ya bibi? Haijapata kuwa nyeupe ile tangu tuko wadogo." Mzee alimwitikia vizuri na kumsamehe. Kwetu sisi alisema kuwa amelitunza shamba miaka 19 asiulizwe na mtu, na mara ya kwanza kuulizwa ameulizwa na picha. Akatuomba tuifute ile ya kwanza katika simu yake, kwani yeye hakujua njia.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwaambia wanachama jambo moja, nalo ni hili: unapompigia picha mtu aliye mbali, weka kipande cha kaa juu ya jamvi, kando ya karafuu. Kaa halina bei na kila nyumba lipo. Anayepokea picha na alitazame kaa kwanza kabla ya karafuu. Kaa likiwa jeusi, picha ni ya kuaminiwa kwa jambo hili la kupauka. Kaa likiwa kijivu, asitoe hukumu, aombe picha nyengine.

Hatuna budi tuseme pia kuwa kaa halimpendelei mtu. Mwangalizi mmoja, baada ya kuzisikia khabari hizi, alipoulizwa juu ya karafuu zake zilizopauka alisema ni mwanga tu wa simu. Akaombwa picha yenye kaa. Kaa lilitoka jeusi kama usiku wa kiza, na karafuu zile zile kijivu kando yake. Zilikuwa zimekaa ndani ya magunia, mbichi, siku mbili za mvua, na hakuna kamera iliyozitia ukungu ule.

Jambo la pili ni mikono yetu. Mwenye kuchambua karafuu mkono wake hauishi mafuta. Harufu yake haitoki kwa siku kadhaa, ijapokuwa ataosha kwa sabuni, na mkono huo huo ndio unaoishika simu, na kidole ndicho kinacholala juu ya kitundu cha kamera. Mafuta hayo hufanya utando juu ya kioo, lakini si utando wa Smakula! Huu haukupimwa unene. Huitawanya nuru kila upande. Ndio asili ya sehemu kubwa ya ule ukungu, na ndio asili ya ile michirizi mirefu inayotoka kwenye taa usiku. Mwenye kutaka kuamini na akifute kioo kwa kidole chenye mafuta kutoka juu kwenda chini, kisha aitazame taa kwa simu: ataona mchirizi umelala upande kwa upande, ukikatiza njia ya kidole chake. Akifuta kutoka upande hadi upande, mchirizi utasimama wima.

Tumia kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa, kikavu. Tumewaona watu wakifuta kwa pindo la shati la shamba, nalo lina mchanga. Mchanga hukwaruza, na mkwaruzo haufutiki tena, kila jua litakapoupiga utawaka.

Juu ya mikarafuu yenyewe hatutasema mengi. Mkarafuu ni mti mrefu, na anayetaka kuonyesha kilele chake hana budi anyanyue simu aielekeze mbinguni, na mbingu zetu ni kali. Majani hupauka kwa sababu ile ile tuliyoieleza, na mengine huonekana ya manjano kwa kuwa jua limepita ndani yake likitokea nyuma. Kwa mtu mwenye khofu ya maradhi ya kufa ghafla, picha kama hiyo yatosha kumkosesha usingizi. Mpige mti picha asubuhi ukiwa upande wa mashariki yake, jua likiwa nyuma yako, na alasiri ukiwa upande wa magharibi. Na ikiwa jua liko utosini, simama ndani ya kivuli cha mti mwengine ili lenzi iwe kivulini, ijapokuwa mti unaopigwa uko juani. Bado majani yakiwa manjano, usipoteze wakati na simu. Mwite bwana shamba aje auone mti kwa macho yake.

Stakabadhi na vitambulisho ni khabari nyengine, kwani hapo nuru hairudi kutoka ndani ya kamera bali kutoka kwenye karatasi yenyewe, khasa ikiwa imetiwa plastiki. Kuna mwanachama aliyeiharibu stakabadhi yake kwa maji, akajipa moyo kuwa ana picha yake. Picha tuliitazama: jina lipo, tarehe ipo, na mahali pa kilo pana mwako mweupe wa ile taa ya simu, hapasomeki hata tarakimu moja. Izime taa ya simu. Iweke karatasi karibu na dirisha au chini ya baraza, nuru iijie kutoka ubavuni, na kabla hujaondoka soma kilo na shilingi katika picha, si katika karatasi.

Yamebaki yale madoa meupe ya duara yanayoonekana katika picha za usiku, yakielea kama mapovu. Haya si yale ya kijani. Taa ya simu iko kando ya lenzi kabisa, na hewa ya uwanja wa karafuu ina vumbi, na wakati wa vuli ina manyunyu. Chembe moja ikipita karibu na lenzi humulikwa kwa nguvu, na kwa kuwa iko karibu mno haionekani kama chembe, huonekana kama duara kubwa la nuru. Twajua yaliyosemwa. Katika kijiji kimoja wachumaji walikataa kurudi shambani kwa siku mbili kwa ajili ya picha moja ya namna hii, na karafuu zilikuwa zimekwisha kuanza kupasuka mtini. Sisi hatuna ugomvi na mtu juu ya mashetani, wala hatudai kuwa Pemba hawapo. Twasema tu kuwa shetani anayeondoka unapoizima taa ya simu ni vumbi. Na wenye makava ya kung'aa wayavue kabla ya kupiga picha usiku, maana ukingo wa kava nao huirudisha taa ndani ya lenzi.

Wako vijana waliotuambia kuwa shida hii imekwisha, kwa sababu simu mpya zina programu za kufuta kitu kisichotakiwa. Ni kweli. Simu za Google za Pixel 6 zilikuja na programu ya namna hiyo mwaka 2021, na Apple wakatoa yao mwaka 2024. Doa laguswa kwa kidole na latoweka. Kwa picha ya harusi hatuna neno. Lakini programu inayoweza kufuta doa la nuru yaweza pia kufuta karafuu iliyooza, na pale ilipofuta hutia kitu cha kubuni. Picha ya namna hiyo tukiletewa ofisini katika mashitaka baina ya mwangalizi na mwenye shamba hatutaipokea, hata kama aliyeifuta alikusudia kheri. Picha yenye doa la kijani tutaipokea, na doa lake tutalieleza.

Kila siku ya Alkhamisi, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa sita, mwanachama mwenye picha inayomtia shaka na ailete ofisini pamoja na simu iliyoipiga, na ikiwezekana konzi moja ya karafuu zile zile zilizopigwa. Walio mbali wanaweza kuwatuma watu wao. Kitambaa kila mtu aje nacho, kaa lipo.